Shajara ya mradi: pedi za kitosani za kuzuia damu na za vidonda vyenye usaha, Kampala

Novemba. Malighafi

Lengo ni kutoa pedi kutoka kwenye kitosani inayotengenezwa hapa hapa Uganda: ya kuzuia damu katika dakika za mwanzo, tuseme jeraha la bodaboda au panga, na ya kidonda ambacho tayari kina usaha. Mpango wa kwanza ulikuwa pedi moja ifanye kazi zote mbili. Umefutwa, na sababu zake zimo kwenye maandishi ya Januari.

Kitosani hutokana na kitini, na kitini imo kwenye magamba ya kamba na wadudu. Mwezi huu ni msimu wa senene, kwa hiyo kuanzia Masaka hadi masoko ya Kampala kuna magunia ya mabawa na miguu ambayo wachunaji huyatupa. Tumeyapima sambamba na magamba ya kamba wa maji baridi kutoka Ziwa Bunyonyi. Hao si wa asili ya ziwa lile. Ni Procambarus clarkii, spishi ya Marekani iliyopandikizwa huko, na leo wanapikwa kwenye hoteli za kando ya ziwa. Magamba tunayopata yamekwisha kuchemshwa na kuliwa nyama, jambo linalotupunguzia kazi.

Kamba wameshinda. Senene wana mafuta mengi, na rangi yao ya kahawia imeshikamana na protini kiasi kwamba magadi ya kawaida hayaibandui. Ukiongeza muda wa magadi, kisha ukatia dawa ya kung'arisha, unakata minyororo ya molekuli za kitini, na minyororo mifupi hutoa pedi inayovunjika kama keki kavu. Anayeandika ombi la ufadhili atawapenda senene, maana habari yao inavutia. Sisi tunataka minyororo mirefu. Kasoro ya kamba ni chokaa, ila chokaa huondoka kwa asidi katika muda wa saa mbili.

Magamba yanaoshwa, yanakaushwa kwenye joto la digrii 60, yanasagwa, na yanapitishwa kwenye chekeche ya milimita 1. Unga mwembamba zaidi ya hapo haufai: unaziba kitambaa cha kuchujia na kuondoka na maji ya suuza.

Novemba, mwisho. Asidi na magadi ya kwanza

Kwa gramu 100 za magamba makavu tunatumia lita 1.5 ya asidi ya haidrokloriki ya mola 1, yaani mililita 83 za asidi kali ya asilimia 37 kwa kila lita. Tukichukulia nusu ya uzito ni chokaa, lita moja ya asidi inamalizwa na chokaa peke yake. Nusu lita iliyobaki ndiyo inayohakikisha kazi imekwisha. Asidi imiminwe kidogo kidogo ndani ya ndoo yenye nafasi. Gramu 50 za chokaa hutoa zaidi ya lita 12 za gesi, na protini iliyomo hugeuza gesi hiyo kuwa povu linalopanda haraka. Povu likikoma, ongeza asidi kidogo. Lisiporudi, chokaa kimekwisha. Usiache magamba humo usiku kucha, maana asidi nayo hukata minyororo.

Suuza mpaka maji yawe ya kawaida, kisha magadi, yaani kostiki soda ya mola 1 (gramu 40 kwa lita), joto la digrii 80 hadi 90, saa mbili, lita 1.5 kwa kila gramu 100. Maji hugeuka rangi ya chai. Yamwage, weka mapya, rudia mpaka yabaki meupe. Hatua hii isiharakishwe: protini inayosalia ndiyo inayoweza kumdhuru mtu mwenye mzio wa kamba. Tunapima mabaki kwa jaribio la biureti, na rangi ya zambarau ikitokea hata kwa mbali, fungu zima linarudi kwenye magadi.

Kilo moja ya magamba makavu hutoa kitini ya gramu 100 hadi 200. Ikizidi hapo, usishangilie. Kuna chokaa au protini bado.

Desemba. Magadi makali

Hapa kitini inageuka kitosani kwa kuondolewa vikundi vya asetili. Kostiki soda asilimia 50 kwa uzito, mililita 20 kwa kila gramu ya kitini, digrii 100, saa tatu hadi nne.

Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria za aluminiamu zilizojaa kila soko hazifai hata kwa dakika moja: kostiki soda inaila aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Magadi ndiyo yanayotiwa kwenye maji, si maji kwenye magadi, na maji yawe ya baridi, kwa sababu mchanganyiko wenyewe hupanda joto hadi kutokota. Miwani, glavu ndefu, ndoo ya maji safi pembeni. Chombo kifunikwe vizuri, kwani hewa ikiingia wakati wa joto hili minyororo inaungua.

Baada ya hapo ni kuosha, na kwa maoni yetu kuosha ndiko kunakoamua ubora wa pedi kuliko kitu kingine chochote. Magadi hujificha ndani ya chembe. Jioni maji ya suuza yanasoma pH 7, yaani si asidi wala magadi; ukiloweka chembe zile zile usiku kucha, asubuhi yanasoma 9. Kanuni ya hapa ni kwamba fungu halijaoshwa mpaka loweko la usiku kucha lisome 7. Suuza za mwisho ni za maji yaliyokenekwa, kwa sababu ya endotoksini, vipande vya maganda ya bakteria ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Kostiki soda ya asilimia 50 imeshaviharibu vilivyokuwemo. Maji ya bomba yaliyolala kwenye tangi yanavirudisha.

Kupima kiasi cha asetili kilichoondoka: gramu 0.2 ya kitosani iliyokaushwa barabara, iyeyushwe kwenye asidi ya haidrokloriki ya mola 0.1, kisha itonyeshewe kostiki soda ya mola 0.1 huku pH ikiandikwa. Mchoro una mipando miwili mikali. Magadi yaliyotumika kati ya mpando wa kwanza na wa pili ndiyo yaliyokutana na vikundi vya amini, vile vinavyobaki asetili ikiondoka. Yakiwa mililita 10 hivi, umeondoa asilimia 85 ya asetili, na hapo panatutosha. Sampuli yenye unyevu inadanganya, inaonyesha kiwango cha chini kuliko ukweli.

Januari. Sababu ya pedi kuwa mbili

Kitosani huzuia damu kwa njia ya chaji. Amini zake zikishika protoni huwa chanya. Uso wa chembe nyekundu za damu ni hasi. Vinanasana, na donge linajijenga hata pale vigandishi vya mgonjwa havifanyi kazi. Lakini amini hizo hushika protoni kwenye asidi tu. Kwenye pH 7.4 ya damu, ni kama moja katika tisa iliyobaki na chaji. Kwa hiyo pedi ya damu ni lazima ibaki na asidi yake. Ukiiosha mpaka iwe ya kawaida, umeiua.

Kidonda chenye usaha kinataka kinyume. Pedi itakaa siku mbili au tatu, itakunywa majimaji, na ikiwa bado na asidi itayeyuka kuwa ute, itawasha, na kuchoma tishu changa. Hiyo ni lazima ioshwe kabisa. Mtu anaweza kutafuta katikati, na tulitafuta: pedi ya katikati inazuia damu kwa shida na inaharibika kidondani siku ya pili.

*Pedi ya damu.* Gramu 20 za kitosani kwa lita moja. Unga utawanywe kwanza ndani ya maji matupu, ukorogwe, ndipo asidi ya asetiki (asidi ya siki) iingie. Ukianza na asidi, kila tonge la unga linavaa ngozi ya utelezi na ndani linabaki kavu. Koroga saa 12, chuja kwa kitambaa cha nailoni, acha mapovu yapande.

Kuhusu kiasi cha asidi, mapishi mengi husema asilimia 1. Hesabu haikubaliani nayo. Trei ya sentimita 10 kwa 10, kina cha milimita 5, inabeba mililita 50, yaani gramu 1 ya kitosani. Amini zake, kwa asilimia 85, ni milimoli 5, na zinahitaji gramu 0.3 ya asidi ya asetiki. Mapishi ya asilimia 1 yanaweka zaidi ya gramu 0.5. Ziada hiyo haina kazi zaidi ya kupasua chembe nyekundu na kunuka siki. Tumeshuka hadi mililita 7 za asidi kwa lita. Kitosani inayeyuka yote, ila taratibu zaidi.

Trei inagandishwa kwenye digrii 20 chini ya sifuri usiku kucha, kisha mashine ya kukausha kwa baridi, digrii 50 chini ya sifuri, saa 48. Umeme ukikatika katikati, pampu inasimama, barafu inayeyuka, na matundu yote yanakunjamana. Kinachotoka ni karatasi ngumu ya njano. Betri ya akiba ni kwa pampu kwanza. Friza inaweza kuvumilia. Pedi iliyotoka salama inabanwa kwa sahani mbili za chuma hadi unene wa milimita 2, kwenye digrii 80, ili asidi huru iondoke na pedi isiyeyuke haraka inapokutana na damu.

*Pedi ya kidonda.* Hii haihitaji mashine ya kukaushia hata kidogo. Trei iliyoganda, bila kuyeyushwa, inazamishwa kwenye mchanganyiko uliokwisha kupozwa hadi digrii 20 chini ya sifuri: kostiki soda ya mola 3 na ethanoli ya asilimia 95, ujazo sawa. Mchanganyiko huo haugandi kwenye baridi hiyo. Magadi yanaingia polepole, kitosani inaganda kuwa jeli kuzunguka chembe za barafu kabla hazijayeyuka, na matundu yanabaki yalipo. Baada ya usiku kucha pedi inatolewa, inaoshwa kwa ethanoli ya asilimia 70 hadi pH 7, kisha ya asilimia 95, na inakaushwa kwenye hewa safi. Ukiikausha ikiwa na maji badala ya ethanoli, mvuto wa maji unafunga matundu yote. Kwa hospitali ya wilaya yenye friza ya kawaida tu, njia hii inawezekana. Ile ya kwanza haiwezekani.

Februari. Damu

Damu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Isichotwe kwenye damu iliyotiririka kupita kwenye nyama: imeshachukua majimaji ya tishu yanayowasha ugandishaji, na vipimo vyote vitaonekana vizuri kwa uongo. Ichukuliwe kutoka kwenye mshipa wa shingo kwa sindano, sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati ya sodiamu ya asilimia 3.2 inayoizuia isigande, na itumike ndani ya saa nne.

Kipimo cha kwanza: kipande cha miligramu 10 kwenye digrii 37, mikrolita 100 za damu, mikrolita 10 za kloridi ya kalsiamu ya mola 0.2. Baada ya dakika tano, mililita 10 za maji yaliyokenekwa zinateremshwa ukutani mwa chombo bila kutikisa. Chembe ambazo hazikunaswa zinapasuka, maji yanakuwa mekundu, unasoma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 540. Wekundu mdogo, kazi nzuri.

Mtego uliopo hapa haujadiliwi vya kutosha. Sponji yoyote inayokunywa damu itazuia wekundu kwa kuificha ndani, bila kugandisha chochote. Kwa hiyo kila safari kuna kipande cha sponji ya jelatini cha ukubwa ule ule, na kila kipande kinapimwa pia bila kalsiamu. Bila kalsiamu damu yenye sitrati haiwezi kuganda kwa njia yake ya kawaida. Pedi yetu isiyooshwa inaendelea kunasa chembe hata hapo, jelatini haifanyi hivyo. Pedi iliyooshwa inafanana na jelatini.

Kipimo cha pili ni cha ukaidi. Ndoo ya damu yenye sitrati inatundikwa sentimita 163 juu ya meza, kimo kinacholingana na shinikizo la milimita 120 za zebaki kwa maji (damu ni nzito kidogo, tofauti tunaiachia). Mpira unaishia kwenye kipande cha mshipa mkuu wa ng'ombe wenye tundu la milimita 3. Valvu imefungwa, pedi inabandikwa, inakandamizwa kwa kiganja dakika 3 kamili, mkono unaondolewa taratibu, valvu inafunguliwa. Pedi nyingi zinazoshindwa hazichaniki. Zinateleza, kwa sababu mshipa ulikuwa na mafuta au mkono ulichungulia kabla ya dakika tatu. Hilo la kuchungulia ndilo litakalotokea wodini pia, kwa hiyo limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye rasimu ya maelezo ya matumizi.

Kupasuka kwa chembe nyekundu: kwa kiwango cha ASTM F756, chini ya asilimia 2 ni salama, 2 hadi 5 ni kidogo, juu ya 5 haikubaliki. Kupunguza asidi kumefanya kazi hapa kuliko marekebisho mengine yote.

Kaolini imejaribiwa kando. Udongo wa Mutaka, kule magharibi, ni mweupe na unapatikana. Kaolini huamsha kigandishi namba XII, na ndiyo iliyomo kwenye bendeji iliyopendekezwa kwa jeshi la Marekani mwaka 2008. Kutenga chembe za chini ya mikromita 2 ni kusubiri: kwenye maji ya digrii 20, saa nane hivi kwa kila sentimita 10 za kina, ndipo unanyonya maji ya juu. Dawa za fosfati za kutawanya udongo hatutumii, kwa kuwa hushika kalsiamu, na damu bila kalsiamu haigandi. Udongo hubeba mbegu za pepopunda, hivyo joto kavu la digrii 160 kwa saa mbili ni la lazima. Kaolini yenyewe haidhuriki kabla ya digrii 400 na kitu. Lakini haitaingia kwenye pedi mpaka tupate kipimo cha madini ya risasi na aseniki. Imewekwa kabatini.

Machi. Bakteria

Bakteria wa kupimia ni Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853. Wa pili ndiye anayetoa usaha wa kijani wenye harufu tamu ambao kila muuguzi wa wodi ya majeraha ya moto anaujua.

Kipimo cha duara kwenye aga (jeli ya kuoteshea bakteria) hakifai kwa kitosani, ingawa kinapendwa kwa sababu picha yake ni nzuri. Kitosani haitembei ndani ya aga, inaua inapogusa. Tunatumia kugusanisha: bakteria milioni moja kwa mililita, pedi, digrii 37, saa 24, kisha kuzimua na kuhesabu makoloni.

Mambo mawili huharibu hesabu. Kwanza, kitosani huwashikanisha bakteria. Kumi walioshikana huota koloni moja, na unadhani tisa wamekufa. Tikisa kwa shanga za kioo kabla ya kuzimua. Pili, asidi ya asetiki yenyewe humuua Pseudomonas hata kwa asilimia 1. Pedi isiyooshwa ilionekana ya ajabu dhidi yake, mpaka tulipoweka kando asidi tupu ya pH ile ile na ikafanya vivyo hivyo. Pedi iliyooshwa ina nguvu ya wastani kwa Staphylococcus na ndogo kwa Pseudomonas. Hiyo ndiyo kitosani yenyewe, bila msaada wa siki.

Fedha, yaani madini, imependekezwa mara nyingi. Kloridi iliyomo kwenye majimaji ya kidonda huitega na kuifanya chumvi nyeupe isiyoyeyuka, kisha unalazimika kuongeza dozi mpaka seli za ngozi nazo zife. Asali ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni nzuri mezani, lakini ya kidondani ni lazima isafishwe kwa mionzi: inaweza kubeba mbegu za Clostridium botulinum, na ukiipasha joto unaharibu kimeng'enya kinachotoa peroksaidi, ambayo ni sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa sasa tunajaribu asidi ya taniki: pedi iliyooshwa inalowekwa kwenye mmumunyo wa asilimia 0.5 kwa nusu saa, inasuuzwa, inakaushwa. Inakuwa ya kahawia, inakaza, na inavumilia majimaji kwa muda mrefu zaidi. Asilimia 2 ilifanya pedi iwe ngumu kama ngozi ya ngoma.

Hakuna kati ya hizi itakayoponya kidonda chenye nyama iliyokufa. Nyama hiyo ikatwe kwanza, utando wa bakteria usuguliwe, ndipo pedi ipate kazi ya kufanya.

Aprili. Kusafisha, kufunga, karatasi

Pedi ya damu haiwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke, inayeyuka. Ya kidonda inaweza, ila inageuka hudhurungi na kupungua nguvu. Kwa wanaotumia mvuke hapa Kampala: geji ikisoma paundi 15, ndani si digrii 121. Tupo mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na joto halisi ni kama 119. Fuata kipimajoto. Mionzi ya kilogrei 25 inakata minyororo pia, kwa hiyo fungu linalokusudiwa mionzi tunalianza na kitosani yenye minyororo mirefu zaidi.

Unyevu wa msimu huu wa mvua umeonyesha kuwa mifuko ya plastiki ya kawaida haifai. Pedi ya damu inavuta maji hewani, inanywea, inashikamana na mfuko. Imehamia kwenye mifuko ya karatasi ya aluminiamu yenye kifuko cha silika.

Kwenye maombi ya UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) na kamati ya maadili tumeeleza hatua ya wanyama tu. Habari za wagonjwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa hazianzi kabla ya majibu ya sumu kwa seli: kwa kiwango cha ISO 10993-5, seli hai zikishuka chini ya asilimia 70, pedi imeshindwa. Sampuli zilizotayarishwa ni za aina nne: pedi ya damu, pedi ya kidonda tupu, yenye taniki, na maji ya suuza ya mwisho ya kila fungu. Kama maji ya suuza yataua seli, hakuna haja ya kusoma matokeo ya pedi zenyewe. Fungu linarudi kuoshwa.